Swichi ya oili inahusiana vipi na pampu ya dizeli?

Swali: Fundi, shikamoo. Naishi Minnesota, nina pikapu ya Chevrolet K2500 ya 1995 yenye injini ya dizeli ya 6.5 turbo, nabebea vifaa vya kazi. Miezi miwili sasa gari linanisumbua. Asubuhi napiga stata mpaka naihurumia betri, na nikipanda mlima na mzigo linakosa nguvu, kisha kwenye tambarare linarudi sawa. Fundi wa hapa ameniambia pampu ya mafuta haipati umeme kwa sababu swichi ya oili imekufa. Mimi nimekulia kwenye Isuzu na Land Cruiser, sijawahi kusikia oili ikiwasha pampu ya dizeli. Rafiki yangu ananishauri nivute waya kutoka kwenye swichi ya funguo niupeleke moja kwa moja kwenye pampu, yaishe. Je, fundi ananidanganya? Na huo waya wa moja kwa moja una ubaya gani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Fundi wako hajakudanganya. Kwenye injini hiyo, umeme wa kuendesha pampu ya dizeli unapita ndani ya swichi ya oili, na kuungua kwa swichi hiyo ni ugonjwa unaojulikana sana wa 6.5. Ninachotaka kujua ni kama alipima au alikisia, maana dalili ulizozitaja zinaletwa na vitu vinne au vitano tofauti. Ushauri wa rafiki yako uweke pembeni kabisa. Una hatari ya moto, na nitakueleza kwa nini.

Mshangao wako una sababu. Kwenye magari ya dizeli tuliyokulia nayo nyumbani, njia ya mafuta mara nyingi haina pampu ya umeme hata moja. Pampu ya nozeli, ile kubwa inayosukuma dizeli kwenye nozeli za injini, inavuta yenyewe kutoka tenki, au ina pampu ndogo ubavuni inayosukumwa na injini. Ukibadilisha filta unabonyeza pampu ya mkono juu ya filta, unatoa upepo, unapiga stata. Injini ikizima, hakuna tena kinachosukuma mafuta. Hata 6.2, mama yake hii 6.5, iliyotoka 1982, ilikuwa na pampu ya kuvuta inayosukumwa na injini. Kwenye gari lako wameweka pampu ya umeme, imefungwa kwenye chasisi upande wa dereva. Inavuta kutoka tenki na kusukuma kwenye filta iliyo nyuma ya manifoldi, halafu mafuta yanaingia kwenye pampu ya nozeli, ile ya Stanadyne DS4. Presha yake ni ndogo, kama psi 5 hadi 8 tu. Kazi yake ni kuifikishia pampu kubwa mafuta yaliyojaa, yasiyo na upepo.

Mota ya umeme ina tatizo moja: haijui kama injini inazunguka au imesimama. Ikipata umeme inasukuma. Fikiria gari limegonga, paipu ya mafuta imekatika, turbo bado ni ya moto, dereva amepoteza fahamu na funguo iko palepale kwenye ON. Pampu itaendelea kumwaga dizeli mpaka mtu azime au betri iishe. Kwa hiyo wabunifu walihitaji ushahidi kwamba injini inazunguka kweli, na ushahidi rahisi ni presha ya oili. Injini ikizunguka presha ipo, ikisimama presha inaanguka ndani ya muda mfupi. Wakaweka swichi inayofunga mawasiliano (vile vipande vya chuma vinavyogusana ili umeme upite) presha ikifika takriban psi 4, na kuyaachia ikishuka chini ya hapo, na umeme wa pampu wakaupitisha humo. Wengi wanadhani swichi hii iliwekwa ili injini izime oili ikiisha, ikuokolee mitambo. Hapana. Injini hii inaweza kuendelea kuunguruma bila pampu ya umeme kabisa, kwa hiyo isingekuokoa. Iliwekwa kwa ajili ya moto.

Sasa njoo karibu kwenye swichi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Iko nyuma kabisa ya injini, juu, karibu na ukuta wa kabini, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida. Kwa nje ni kitu kimoja, lakini ndani kuna vifaa viwili visivyohusiana. Kimoja ni cha geji: ukinzani wake, yaani kiasi kinavyozuia umeme kupita, unabadilika kadiri presha inavyobadilika, na waya wake, ambao kwa kawaida ni wa rangi ya kaki, unakwenda kwenye dashibodi kusogeza sindano. Kingine ni mawasiliano ya kawaida kama ya swichi ya taa ukutani. Waya wa chungwa unaleta umeme wa betri, wa kijivu unautoa kwenda kwenye pampu. Ndiyo maana geji inaweza kusoma vizuri kabisa huku mawasiliano ya pampu yakiwa yameungua. Nimeona magari yakizungushwa gereji tatu kwa sababu kila fundi aliangalia dashibodi, akaona sindano iko katikati, akasema swichi ni nzima. Sindano haiwezi kukuambia lolote kuhusu waya wa kijivu. (Rangi nazo zithibitishe kwa mchoro wa mwaka wa gari lako kabla hujakata chochote. Gari la miaka 30 limeshapita mikononi mwa watu wengi.)

Utauliza: wakati wa kuwasha presha ya oili bado haipo, pampu inapata wapi umeme? Inapata kwa njia ya pili. Kuna rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, inayoipa pampu umeme kwa sekunde chache unapowasha funguo, au unapopiga stata, kutegemea mwaka, ili filta ijae. Injini ikishika na presha ikapanda, rilei inaachia na swichi ya oili inabeba mzigo. Njia hizi mbili zinakutana kwenye waya uleule wa kijivu kabla ya kufika kwenye pampu. Shika hilo vizuri, maana ndilo litakalotusaidia kupima, na ndilo litakalotusaidia kutengeneza.

Kwa nini swichi inaungua? Kwa sababu imepewa kazi nzito kuliko umbo lake. Mwaka mmoja nilikata swichi moja kwa msumeno wa chuma ili nione. Mawasiliano yalikuwa madogo kama punje ya dengu, meusi, yana vishimo kama uso wenye makovu ya ndui, na plastiki iliyoyashikilia ilikuwa imelainika upande mmoja. Kila pampu inapowaka na kuzimika, cheche ndogo inaruka hapo. Kila cheche inaacha masizi kidogo, na masizi yanaongeza ukinzani. Chukua mfano: pampu inavuta ampea 3, na mawasiliano yameshafikia ukinzani wa omu 1.5. Zidisha, unapoteza volti 4.5 ndani ya swichi. Umeme wa 14 unaotoka kwenye betri unafika kwenye pampu ukiwa chini ya 10. Zidisha tena volti hizo kwa ampea 3, unapata wati 13.5 za joto, zaidi ya mara mbili ya balbu ya taa ndogo ya wati 5, likiwa limefungiwa ndani ya kikopo cha plastiki kilichokaa juu ya injini ya moto. Joto linaongeza uharibifu, uharibifu unaongeza joto.

Kwa hiyo swichi hii haifi siku moja. Kwanza pampu inadhoofika. Gari linaendelea kutembea kwa sababu DS4 ina pampu yake ndogo ndani na inaweza kuvuta mafuta yenyewe. Ukiwa mtupu, kwenye tambarare, huoni tofauti. Ukipanda mlima na mzigo, mahitaji yanazidi inachoweza kuvuta, gari linakosa nguvu. Asubuhi mafuta yameshateremka kurudi tenki, au upepo umepenya kwenye kiungo fulani, ndiyo unapiga stata mpaka unaihurumia betri. Maelezo yako yanafanana sana na hali hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba DS4 inapozwa na kulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Kuifanyisha kazi ya kuvuta kwa miezi ni kuipunguzia umri, na bei yake ni mara nyingi ya bei ya swichi. Usiendelee kubebea mizigo kabla hujapima.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Anza na masikio. Mtu mmoja awashe funguo bila kupiga stata, wewe ukiwa umeinama pembeni ya chasisi chini ya mlango wa dereva. Ukisikia mlio wa pampu kwa sekunde chache kisha ukanyamaza, basi pampu, waya wa arthi wa pampu na njia ya rilei ni vizima kiasi cha kutosha. Usiposikia kitu, mwambie apige stata na usikilize tena. Halafu washa injini, iache itulie, gusa pampu kwa mkono. Kama ilitetemeka kabla ya kuwasha na sasa imetulia tuli, kosa liko upande wa swichi ya oili. Kama haikutetemeka wakati wote, usinunue swichi bado: angalia fyuzi, arthi, soketi ya pampu na pampu yenyewe, maana hivyo ndivyo vinavyotumika na njia zote mbili.

Jaribio la pili ninalipenda zaidi kwa sababu halidanganyi. Filta yako ina koki ya kutolea maji, iko mbele ya injini karibu na thermostati. Weka chupa safi chini ya mpira wake, injini ikiwa inaunguruma, fungua koki. Dizeli itoke kwa kasi. Ikidondoka tu, au isitoke kabisa na injini ikaanza kukwama, maana yake hakuna kinachosukuma: DS4 inavuta, na kwa koki uliyoifungua inavuta upepo. Funga haraka.

Kisha mita. Iweke kwenye volti, waya mweusi kwenye ncha hasi ya betri, sio kwenye bolti yoyote iliyo karibu. Injini ikiwa imewaka na pampu ikiwa imeunganishwa, choma kwa sindano kwenye waya wa kijivu karibu na pampu. Pampu lazima iwe imeunganishwa. Ukichomoa soketi na kupima waya mtupu, hata mawasiliano yaliyooza yatakuonyesha volti 14, kwa sababu hakuna mkondo unaopita na bila mkondo ukinzani hauonekani. Kosa hilo ndilo linalowafanya mafundi wengi waseme umeme upo. Nakumbuka gari moja: waya wa chungwa ulisoma 13.9, wa kijivu 9.6, na pampu ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili na gereji nyingine. Ukikuta umeme mzuri kwenye kijivu, pima na upande wa arthi: weka mita kati ya ncha hasi ya pampu na ncha hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, arthi ina kutu, na Minnesota kwa chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji nisingeshangaa. Ukimaliza, kila tundu ulilotoboa kwenye waya lizibe. Maji ya chumvi yakiingia humo yanakula shaba kwa ndani.

Kuna jambo moja nakuomba usilirukie. Swichi ikikata pampu gari likiwa limepata moto na linaunguruma taratibu, inawezekana inasema kweli. Presha chini ya psi 4 kwenye injini inayozunguka ni hatari kubwa. Kabla ya kuilaumu, fungua swichi, funga geji ya mkono mahali pake, upime presha halisi injini ikiwa ya moto. Kazi ya nusu saa inayoweza kukuokolea injini.

Ukikuta umeme wa pampu uko sawa na presha ya mafuta ipo, geukia kwingine. Kuna chujio ndani ya tenki linaloziba au kujikunja, kuna mfuniko wa tenki usiopitisha hewa, kuna mipira ya mafuta iliyopasuka inayoingiza upepo bila kudondosha. Na kuna ile moduli inayoendesha DS4, wanayoiita PMD, iliyofungwa ubavuni mwa pampu ambako joto linaichosha. Yenyewe dalili yake kubwa ni injini kuzima ghafla ikiwa ya moto, kisha kukubali ikipoa. Wewe hukutaja kuzima, ndiyo maana sikuanzia huko.

Tuseme umethibitisha ni swichi. Nunua mpya, badilisha, na ukiishia hapo gari litapona. Lakini swichi mpya itabeba mzigo uleule na itaungua vilevile. Mimi sirudishi gari la aina hii bila kuongeza rilei, ili swichi ibebe kazi nyepesi ya kuamuru tu. Koili ya rilei ya kawaida ya gari, ule upande unaopokea amri, inavuta kama ampea 0.15. Ukilinganisha na ampea 3 za pampu, umepunguza mzigo wa yale mawasiliano mara 20.

Mahali pa kukata ni muhimu. Kata waya wa kijivu karibu na pampu, baada ya pale njia mbili zinapokutana, sio kule juu kwenye swichi. Kipande kinachotoka mbele ya gari kipeleke kwenye ncha ya 86 ya rilei (namba zimeandikwa kwenye rilei yenyewe). Ncha ya 85 iende arthi, kwenye chasisi uliyokwangua kutu mpaka ikang'aa. Kipande kinachokwenda kwenye pampu kifunge kwenye 87. Ncha ya 30 ipate waya mpya kutoka kwenye betri, wa milimita 2.5 za mraba, wenye fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa mwisho wa waya, karibu na rilei, waya wote ulio kabla yake hauna ulinzi ukishoti. Kwa kuwa umekata baada ya makutano, ile rilei ya kiwandani ya kujaza mafuta na swichi ya oili zote mbili zitaamuru rilei yako mpya, na injini ikizima rilei itaachia kama kawaida. Ulinzi wote umebaki. Tafuta rilei yenye kizuia cheche ndani, na uifunge juu ya ukingo wa chasisi, ncha zikitazama chini ili maji yasituame.

Linganisha sasa na waya wa rafiki yako. Wa kwake utaendesha pampu, gari litapata nguvu, na utamshukuru. Siku injini ikizima ghafla barabarani funguo ikiwa ON, pampu itaendelea kusukuma, na hakuna wa kuizuia. Kama umeshafunga waya huo, ung'oe leo.

Wakati wa kufunga swichi mpya tumia boksi spana ndefu ya sensa za oili. Spana ya kawaida haishiki vizuri kule nyuma na itakuvunjia plastiki. Usizungushe tepu nyeupe nyingi kwenye nyuzi zake, kwa kuwa upande wa geji unapata arthi kupitia nyuzi hizohizo. Angalia pia ndani ya soketi ya zamani. Ukikuta oili, swichi ilikuwa inavuja kwa ndani, na oili inaweza kuwa imepanda kwenye waya. Safisha, kausha, na kama ncha zimelegea badilisha soketi nzima.

Kwa wale wanaoendesha Freightliner na malori mengine mapya wakasoma hapa: msifanye haya kwenye gari lenu. Huko sensa ya oili ina waya tatu, inapewa volti 5 na inarudisha ujumbe mdogo wa volti kwa kompyuta, kisha kompyuta ndiyo inaamua kupunguza nguvu au kuzima injini. Ukipitisha umeme wa betri humo unaweza kuunguza kompyuta. Na pikapu za Duramax zilizoanza 2001, zilizochukua nafasi ya hii 6.5, zilitoka kiwandani bila pampu ya umeme kwenye chasisi.

Ukimaliza kazi, washa injini, fungua tena ile koki ya maji uone dizeli inavyotoka, halafu pima volti kwenye pampu ikiwa imeunganishwa. Nategemea utapata zisizopungua 13.5 huku betri ikisoma 14. Zima injini kwa funguo kisha uirudishe ON bila kuwasha: pampu ilie sekunde zake chache, kama la kwako ni la aina hiyo, kisha inyamaze. Isiponyamaza umekosea waya, rudi kwenye 86. Namba ulizopata ziandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha sanduku la fyuzi, pamoja na tarehe, ili fundi atakayefuata ajue rilei ile ni ya nini na aanzie wapi kupima.